Hawashtakiwi, hakimiliki ilishaisha

Mkuu umeuliza hawa jamaa wanaochomeka mazombi kwenye riwaya za zamani mbona hawashtakiwi? Hawashtakiwi bana, Jane Austen alitoa Pride and Prejudice 1813, hakimiliki ilishakufa kitambo, kwahiyo yeyote anaichukua na kuifanya anavyotaka. Seth Grahame-Smith ndo alifanya hivyo 2009, maneno mengi ya Austen kayaacha vilevile, akapachika mazombi na kina Elizabeth, yule dada mhusika mkuu wa riwaya, wakawa wanajua kupigana, kikauza balaa, mwaka huohuo wachapishaji wakatoa kingine, Sense and Sensibility na madude ya baharini (hapo sasa ni kutafuta hela tu). Mi cha kwanza kilinichekesha mwanzoni, baadae nikawa naruka kurasa. Ila soma kwanza ile orijino, bila hiyo utani wenyewe huupati.