Maswali ya Wasomaji: Baritoni Ikipanda Juu, Ikikoroma Chini

Ndugu wahariri, bendi yetu ya kanisa ina saksafoni ya baritoni ya mitumba, inayofika noti ya A ya chini. Noti za chini zinakwenda sawa na kinanda, lakini nikibonyeza kitufe cha okteva (cha kurukia noti za juu) kila kitu kinapanda kupita kinanda, na D ya kati ndiyo mbaya kuliko zote. Tena B na B-flati za chini zinakoroma. Nimeambiwa ninunue mausipisi (kipande cha mdomoni) mpya. Msomaji, Arua

Pesa yako ibaki mfukoni kwanza. Una magonjwa mawili tofauti, na yote mawili huwa yanatibika kwa mausipisi uliyo nayo.

Juu kupanda huku chini kuko sawa maana yake, mara nyingi, mausipisi imesukumwa ndani mno. Bomba la baritoni lina zaidi ya mita 2. Ukiingiza mausipisi milimita 3, A ya chini, inayotumia bomba zima, haishtuki sana. Lakini C-shapu ya kati inatumia kipande kifupi tu karibu na shingo, na kwake milimita 3 ni nyingi. Ndiyo maana kutyuni kwa noti moja ya chini kunadanganya.

Piga dakika 10 chombo kipate joto. Kisha toa mausipisi, ipulize peke yake kwa nguvu ya kawaida: kwa baritoni tyuna (kifaa cha kupimia noti) ionyeshe D ya kinanda au karibu nayo. Ikionyesha E au F, unauma ridi (ulimi mwembamba unaotetema kwenye mausipisi), na hakuna mahali utakapoiweka mausipisi pakakuokoa. Ikiwa sawa, irudishe, piga F-shapu ya chini na ya juu yake, halafu G ya chini na G ya juu yake. Vuta milimita 2 kwa kila jaribio hadi okteva zikubaliane. Fumba macho noti ikianza, ndipo utazame tyuna. Anayeitazama tangu mwanzo huirekebisha kwa mdomo bila kujua. D ya kati hupanda kidogo kwenye saksafoni nyingi. Legeza taya, na kama noti ni ndefu jaribu kuongeza kitufe cha B ya chini.

Sasa kukoroma. Maji hujikusanya kwenye kona iliyojikunja juu, kwa hiyo fungua kitundu cha kutolea maji kabla ya kumlaumu fundi. Kisha piga C ya chini. Kama C inatoka safi ila B na B-flati zinakoroma, mshukiwa wa kwanza ni pedi (kifuniko cha tundu) ya G-shapu: vitufe vya B na B-flati huivuta ifunguke, na kinachoizuia ni skrubu ndogo ya kurekebishia iliyo juu yake. Kipimo ni hiki: piga F, huku kidole kidogo cha kushoto kikibonyeza G-shapu. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikibadilika, kaza skrubu hiyo robo mzunguko, ujaribu tena. Ukikaza kupita kiasi, pedi za mkono wa kulia hazitaziba.

Kama si hiyo, kata kipande cha karatasi ya sigara upana wa milimita 5, kiweke chini ya pedi, funga polepole, ukivute. Rudia pande nne. Upande ambao karatasi inateleza ndiko hewa inakovuja. Zichunguze hasa pedi kubwa za chini: baritoni inayosafirishwa kwenye buti la taksi bila sanduku gumu hugongwa vikinga vya pedi hizo, na kikinga kikipinda pedi hukaa upande.

Napiga kwenye bendi ya dansi. Magitaa yananimeza. Nimepata mausipisi ya chuma yenye namba 8. Baritoni yangu ni ya zamani, inaishia B-flati. Je, nichukue? Msomaji, Jinja

Chuma chenyewe hakikupi sauti kubwa. Kinachofanya kazi ni umbo la ndani: mwanya wa ncha (nafasi kati ya ncha na ridi), dari iliyo mkabala na ridi, na chumba kilicho nyuma yake. Dari ya juu huharakisha hewa na kung'arisha sauti, nayo ndiyo itakayokutoa mbele ya magitaa. Namba 8 haina maana mpaka ujue kampuni, kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake. Uliza milimita. Kwa anayetoka kwenye mausipisi ya shule, mwanya wa 2.5 hadi 2.8 na ridi ya ugumu wa namba 2 na nusu unatosha. Mwanya wa 3 unataka pumzi nyingi, na mdomo ukichoka katikati ya onyesho sauti inashuka.

Hofu yangu ni chumba. Baritoni za zamani nyingi zilitengenezwa kwa mausipisi yenye chumba kikubwa cha mviringo. Ukiiwekea chumba chembamba utaivuta nje hadi ining'inie kwenye ncha ya koki inayozunguka shingo, na bado noti za juu zitapanda. Usinunue kwa picha. Nenda na baritoni, ridi yako na tyuna. Lowesha ridi, ifunge, ziba nyuma kwa kiganja, nyonya hewa: ridi ikibaki imeshikwa sekunde 2 au zaidi kisha ikaachia kwa mlio, uso wa mausipisi umelala vizuri. Halafu fanya jaribio lile la G na G. Zikikataa kukubaliana popote unapoiweka, iache, hata kama sauti yake imekupendeza.

Hapa Kabale asubuhi tuko chini ya kinanda. Ni mwinuko? Msomaji, Kabale

Ni baridi. Wepesi wa hewa ya milimani haushushi noti. Joto ndilo linaloamua. Kila nyuzi moja ikipungua ndani ya bomba, unapoteza senti 3 hivi, na nusu toni ni senti 100. Baritoni hupoa upesi ukiiweka chini, kwa hiyo wakati wa mahubiri pulizia hewa ya joto bila sauti kabla ya kuingia.

Nina karatasi ya besi tu. Naweza kuisomea baritoni? Msomaji, Mbale

Unaweza. Soma noti za ufunguo wa F (wa besi) palepale zilipo kana kwamba ni ufunguo wa G, kisha ongeza shapu tatu (au punguza flati tatu) kwenye alama za mwanzo wa mstari. Noti utakazozisoma kama F, C na G zikiwa na alama njiani, zipandishe nusu toni: flati inakuwa ya kawaida, ya kawaida inakuwa shapu.