Barua ya Tatu Kutoka kwa Mjenzi

SWALI

Shikamoo Dada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nahudumia wazee hapa Scarborough, Toronto, Kanada. Machi 2021 nilisaini kununua kondo, yaani nyumba ndani ya ghorofa, ya chumba kimoja wakati jengo lenyewe bado ni kiwanja chenye uzio na picha kubwa. Bei ni dola 598,000. Nimeshatoa asilimia 15, yaani dola 89,700, kwa awamu nne. Awamu ya mwisho niliilipa kwa zamu yangu ya upatu. Tuliambiwa tungehamia Novemba 2024. Barua ya kwanza ikasogeza tarehe, ya pili ikasogeza tena, na sasa ya tatu inasema Aprili 2027. Shemeji anasema nimwambie mjenzi sitaki tena, anirudishie changu. Mume wangu anasema tuvumilie. Hela zangu ziko salama? Naweza kutoka?

Mama Wawili, Scarborough

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujamjibu shemeji wala mume, toa mkataba kabatini. Usianzie mwanzo. Nenda nyuma, kwenye kurasa zilizowekwa na Tarion, shirika linalosimamia dhamana ya nyumba mpya Ontario tangu 1976. Ukurasa wa kwanza wa sehemu hiyo una orodha ya tarehe. Tafuta mstari ulioandikwa Outside Occupancy Date. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho kabisa ambayo mjenzi alikubali kukukabidhi nyumba.

Tarehe zinazosogezwa na barua zako huenda ni za makadirio. Hizo anaruhusiwa kuzisogeza bila kukulipa hata senti, mradi akutaarifu kwa maandishi siku 90 kabla. Ile ya mwisho kabisa hawezi kuisogeza kwa kupenda kwake, isipokuwa kwa mambo kama mgomo, moto, mafuriko au janga la maradhi, na hayo pia lazima akuandikie. Ikipita nyumba haijawa tayari, unapewa siku 30 za kuvunja mkataba kwa maandishi na kurudishiwa amana yote, yaani hela ulizotanguliza, pamoja na riba. Siku 30 tu. Ukikaa kimya zikaisha, mkataba unaendelea kukubana.

Nalisema hili kwa uchungu. Nimekuwa karani katika ofisi ya wakili wa nyumba kwa miaka 14, nikiwapangia watu mafaili yao, na la kwangu likanipita. Nilisaini kondo North York mwaka 2013. Barua za mjenzi nilizibandika kwenye friji kwa sumaku, moja juu ya nyingine, nikawa nasoma ya juu tu. Nilipofungua mkataba, siku zangu 30 zilikuwa zimeisha siku tisa nyuma. Mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea katika basement ya kupanga ambayo tulidhani tutakaa miezi sita.

Kwa hiyo, kama tarehe yako ya mwisho iko kabla ya Aprili 2027, jiandae, maana mlango utafunguka. Kama iko baada yake, mlango bado umefungwa, na ushauri wa shemeji utakuumiza. Mnunuzi anayejitoa bila haki ya kujitoa anapoteza amana, na mjenzi akiuza nyumba ile kwa bei ya chini anaweza kukushtaki akudai tofauti. Zile siku kumi za kubadili mawazo ambazo sheria ya kondo inampa kila mnunuzi wa nyumba mpya, wewe uliziacha mwaka 2021.

Kuhusu usalama wa hela: Tarion inalinda amana ya kondo hadi dola 20,000. Zilizobaki, dola 69,700, sheria inataka zikae kwenye akaunti maalumu ya kutunziwa (trust account), si mfukoni mwa mjenzi. Anaweza kuzitumia kujengea pale tu anapoweka bima au dhamana badala yake. Mwombe wakili wako akutafutie ushahidi wa maandishi kwamba kila awamu uliyotoa iliwekwa hivyo. Awamu zote nne, si ya kwanza peke yake. Usiridhike kwa sababu unaona ghorofa zinapanda. Jengo la kondo la The One, pale kona ya Yonge na Bloor mjini Toronto, lilikuwa limeshapanda sana mahakama ilipoliweka mikononi mwa msimamizi wa madeni (receiver) Oktoba 2023. Pia mtazame mjenzi wako kwenye orodha ya HCRA, wanaotoa leseni za wajenzi tangu 2021. Ni bure.

Fidia ipo, ila usiijengee ndoto. Ni dola 150 kwa siku na haizidi 7,500, maana yake siku 50 zinaimaliza. Tena inahesabiwa pale mjenzi anapoivunja tarehe aliyoithibitisha, si zile za makadirio. Ukishahamia, au mkataba ukishavunjwa, una mwaka mmoja wa kuidai.

Jambo moja naomba ulishike sana. Wakikuletea karatasi ya kusaini yenye tarehe mpya, hata wakiongeza stoo ya bure au punguzo la maegesho, usisaini mpaka wakili wako aisome. Nimeona akina mama wakiuza siku zao 30 kwa stoo ya kuwekea baiskeli.

Tarehe yako ya mwisho ikipita na mlango ukafunguka, hapo ndipo mume wako ana neno: mkae muamue pamoja kuvumilia au kutoka. Benki Kuu ya Kanada ilipandisha riba kutoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa 2022 hadi 5 Julai 2023, na bei za kondo Toronto zikashuka. Benki itakukopesha kulingana na thamani ya nyumba siku ya kukabidhiwa, wala haitajali ulisaini 598,000. Ikikadiria 520,000, lile pengo la 78,000 ni lako. Mwite mtu wa mikopo miezi mitatu kabla, mpige hesabu mezani, wote wawili mkiwepo.

Barua zile zitoe kwenye bahasha, ziandike namba, uziweke pamoja na mkataba. Kisha niandikie tarehe uliyoikuta kwenye ule mstari.