Wasomaji Wauliza: Jicho la Mchoraji Nyuma ya Kamera

SWALI: Wahariri, hamjambo? Napiga picha za mashua pale Dunga, mara kwa simu, mara kwa kamera ya kuazima. Zinatoka safi kabisa lakini hakuna anayesimama kuzitazama. Rafiki yangu mchoraji ananiambia nijifunze kuona kama wao. Nianzie wapi? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Rafiki yako kasema kweli. Mchoraji akifika ufukweni, kabla ya kuona mashua anaona baka la giza juu ya baka la mwanga. Nawe kabla hujapiga, finya macho mpaka nyavu, kamba na maandishi ya ubavuni yapotee. Hesabu mabaka yaliyobaki. Yakizidi manne, sogea kando, au piga magoti ili mashua isimame mbele ya anga badala ya kuzama kwenye magugu maji.

Rangi hudanganya sana hapa. Mashua nyekundu kati ya magugu ya kijani inapendeza kwa macho, ila wekundu na ukijani huo mara nyingi vinalingana kwa mwanga; ondoa rangi uone mashua inavyomezwa. Weka kioo cha kamera kionyeshe nyeusi na nyeupe huku ukihifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, ambazo rangi zake hazipotei. Kwa simu, piga moja ya majaribio, iondoe rangi, uikague.

Simu nayo ina HDR, na hiyo ndiyo inayoharibu picha nyingi za jioni. Inaunganisha picha kadhaa ili kivuli kionekane na anga lisiungue, mwishowe kila kitu kinang'aa sawasawa na jicho halina pa kushika. Mchoraji huamua mwenyewe kipi kipotee gizani. Izime kama simu yako inaruhusu, gusa pale maji yanapometameta, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka ubavu wa mashua ukaribie kuwa mweusi. Kwenye kamera, punguza stopu 1 hadi 1.5 (kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu).

Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua, takriban 5500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Ukiiacha ijipange yenyewe, itapunguza umanjano wa jioni, na bila huo umanjano ubuluu ulio ndani ya vivuli hauna wa kushindana naye.

Halafu rudi pale pale siku nyingine. Kati ya 1892 na 1894 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30, akibadilisha kitambaa cha kuchorea kadiri mwanga ulivyobadilika. Kisumu jua huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, tena linashuka karibu wima kwa kuwa ikweta iko jirani, kwa hiyo mwanga wa dhahabu una dakika 25 hivi tu. Mahali pa kusimama pachague saa kumi na moja, si wakati jua limeshagusa maji.

SWALI: Nimeona picha za migunga na flamingo zilizo kama zimepakwa kwa brashi. Nikijaribu Ziwa Nakuru, zangu zinakuwa ukungu mtupu. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ukungu huo unatokana na mkono kuyumba kila upande. Brashi ina mwelekeo mmoja, na kamera iwe hivyo. Kwa migunga, fuata shina: ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/16 (tundu dogo la lenzi), shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, iwe wazi sekunde 1/4, ukishusha kamera taratibu kutoka juu. Anza kusogea kabla ya kubonyeza na usisimame mpaka shata ifunge. Ukisimama katikati, picha inabaki na shina moja kali na jingine la kivuli juu yake. Jua likiwa kali, mipangilio hiyo itaunguza picha, maana kasi ya shata inayofaa ni karibu sekunde 1/100. Filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ya stopu 3 inakufikisha 1/12, ya stopu 6 inapita nusu sekunde. Asubuhi yenye mawingu huenda usihitaji filta.

Flamingo wanaoruka wafuate sambamba kwa 1/30. Ukishuka hadi 1/8 shingo zinapotea, na bila shingo mtazamaji hajui ni ndege gani. Dereva azime injini, kwani mtetemo wake unaingia kwenye picha.

SWALI: Nikiwapiga picha mama wauzaji soko la Kibuye, nyuso zinakuwa na rangi ya wagonjwa. (Msomaji, Kondele)

JIBU: Ni turubai la buluu lililo juu yao, mwanga unaopita humo unapaka uso. Kwanza omba ruhusa, kisha mwombe mama asogee hadi ukingo wa kibanda, mwanga wa nje umfikie kutoka upande mmoja na juu kidogo. Ageuze uso polepole mpaka kwenye shavu lililo gizani ibaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Mchoraji Mholanzi Rembrandt aliupenda mwanga wa namna hiyo. Pembetatu ikipanuka kuliko jicho, mama amegeukia mwanga kupita kiasi.