Wasomaji Wanauliza: Nishukuru Nini Wakati Mtaji Umekwisha?

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinagusa jambo moja. Wasomaji wanahimizwa washukuru, watumaini na wayatazame maisha kwa jicho jema, nao wanataka kujua kama maneno hayo yana uzito wowote kwa mtu aliyelala njaa. Tumechagua barua tatu, zote za hapa Bukavu. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu inauliza jambo ambalo wengi hawathubutu kulitamka kanisani.

Mama Mshauri, jambo sana. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Tangu benki zilipofungwa mwaka 2025 akiba yangu imekwama huko, na mtaji mdogo uliobaki mkononi tumeula. Binti yangu amerudishwa nyumbani na shule ya sekondari kwa sababu ya karo. Katika shirika letu la parokia kila mmoja husimama kutoa shukrani zake. Juma lililopita zamu yangu ilipofika nilinyamaza, na kiongozi akasema mbele ya wote kwamba asiyeshukuru anajifungia mlango wa baraka. Je, mimi ni mtu asiye na shukrani? Na huko kuhesabu baraka kunasaidia kweli, au ni maneno ya walioshiba?
*Mama wa sambaza, Kadutu*

Mama mpendwa, hapana. Mtu aliyepoteza akiba, mtaji na masomo ya mwanawe kwa mfululizo, kisha akakosa la kusema siku moja mbele za watu, hajakosa shukrani. Amechoka, na uchovu wake una sababu zinazojulikana na kila aliyekuwa amekaa katika shirika hilo. Kiongozi wenu huenda alitaka kukutia moyo, lakini alikugeuzia msiba kuwa kosa, na hilo si sawa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ingawa hapa Bukavu leo ni vigumu hata kumpata huyo mwenye shibe.

Ukifungua Zaburi ya 13 utamkuta mtu anayemuuliza Mungu "hata lini" mara nne katika aya mbili za mwanzo. Analalamika kwamba amesahauliwa, kwamba moyo wake una huzuni mchana kutwa na kwamba adui ametukuka juu yake. Anafika kwenye wimbo wa shukrani katika aya ya mwisho, baada ya kusema yote yaliyokuwa kifuani, na hakuna aliyemkatiza njiani ili amhimize aanze na mwisho. Mji huu nao ulikuwa na mchungaji wa namna hiyo. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, hukumbukwa kwa maneno yake kwamba yako mambo yasiyoonekana vizuri isipokuwa kwa macho yaliyolia. Hakuwaambia watu wake wafute machozi kwanza ndipo waanze kuona.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, kwa maana umeuliza kama kuhesabu baraka kunasaidia kweli, na swali la kweli linastahili jibu lenye vipimo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika mara moja kwa juma, kwa majuma 10: kundi moja liliandika mambo liliyoyashukuru, jingine yaliyolikera, na la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi kuliko walioandika kero, wakalitazamia juma lililofuata kwa matumaini makubwa zaidi, na hata malalamiko yao ya mwili yalipungua. Lakini usipewe habari hizo nusu. Mwaka 2021 watafiti wengine wa Marekani walikusanya tafiti 27 za namna hiyo, wakaona kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza huzuni nzito na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba shukrani itakuponya au itakurudishia akiba anauza asichokuwa nacho. Inachoweza kufanya ni kidogo, na kwa mtu aliye katika hali yako nadhani kidogo hicho kinafaa kuchukuliwa, mradi kichukuliwe kwa njia inayofaa.

Njia ninayoiona kuwa inafaa ni hii. Chukua daftari moja ambalo mtoto amelibakiza kurasa, ukae nalo siku moja kwa juma, si kila siku. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kwamba waliohesabu baraka zao mara moja kwa juma ndio waliofaidika, ilhali waliofanya hivyo mara tatu hawakuona tofauti. Yaelekea jambo likifanywa mno hugeuka kuwa kazi ya mdomo, kama tunavyojua sisi tuliozoea kukariri sala tukiwa tunawaza soko. Katika daftari hilo usiandike "asante kwa uhai". Si kwamba uhai ni kitu kidogo, ila neno hilo ni pana kiasi kwamba moyo haupati mahali pa kulishika. Andika jambo lenye siku, mtu na kitu, kwa mfano: "Jumanne mvuvi aliniachia ndoo moja ya sambaza kwa deni, hakuniuliza nitalipa lini." Kisha chini yake uandike kwa nini jambo hilo lilitokea. Sehemu hii ya "kwa nini" ndiyo iliyowekwa katika zoezi la mambo matatu mema lililojaribiwa na mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake mwaka 2005, ambapo walioliandika kila jioni kwa juma moja tu walikutwa na furaha zaidi hata miezi sita baadaye.

Tazama kinachotokea ukilijibu swali hilo la kwa nini. Katika mfano huu, mvuvi hakukupa ndoo kwa bahati. Alikupa kwa sababu kwa miaka mingi hukumrusha pesa yake hata mara moja, na ile siku mzigo ulipokuozea ulikuja kulipa pungufu lakini ulikuja. Hapo unagundua kwamba mtaji wa noti umekwisha, lakini mtaji wa kuaminiwa upo, na ni wewe uliyeuweka. Shukrani ya namna hiyo haikufumbii macho usione hasara. Inakuonyesha ni nani bado anaweza kukukopesha, ni mama gani wa meza ya jirani anakuuzia ukiwa umempeleka mtoto hospitalini, na ni wangapi kati yao wangekubali kuanza likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya pesa kidogo, hata kama ni ya mzunguko wa siku tano tano. Mimi hilo ndilo ninaloliita kutiwa moyo: mtu anaondoka na jina la mtu wa kumwendea kesho.

Kuna jambo jingine dogo ambalo Seligman na wenzake walilijaribu, na ambalo desturi zetu zinalifahamu tangu zamani. Mtu aliandika barua kwa aliyemtendea wema bila kuwahi kushukuriwa vilivyo, akaipeleka mwenyewe kwa mkono. Furaha iliyopatikana ilidumu kama mwezi mmoja. Wewe huhitaji barua. Mwendee aliyekutendea wema, awe mvuvi au mwalimu wa binti yako, umwambie wazi alichokufanyia na kilichofuata. Usiende na ombi siku hiyo. Ombi la karo liende siku nyingine, kwa mkuu wa shule, likiwa na pendekezo la kulipa kidogo kidogo lililoandikwa, kwa sababu mkuu wa shule hulipwa kwa pesa, hata awe mwema namna gani.

Nakusihi uepuke shukrani moja tu: ile ya kumtazama jirani aliyefukiwa na nyumba mlimani na kusema "afadhali mimi". Inaingia haraka, lakini inatufundisha kujilisha kwa mabaya ya wenzetu, na siku hali yako ikiwa mbaya kuliko ya wote itakuacha mikono mitupu. Na Alhamisi au siku yoyote mnayokutana, zamu yako ikifika, unaweza kusimama na kusema, "Leo nina ombolezo, shukrani nitaleta." Hayo ni maneno ya mtu anayesali.

Jambo Mama. Nina miaka 27, nina lisansi, yaani shahada, ya uchumi, naishi Ibanda. Nilifundishwa katika semina kuamka kila asubuhi, kujitazama kwenye kioo na kusema "mimi ni mshindi", kisha kufumba macho nijione niko ofisini nimevaa suti. Nimefanya hivyo kwa muda mrefu bila kukosa. Kazi sijapata, na sasa nikimaliza kusema maneno hayo najisikia vibaya kuliko nilipoamka. Je, imani yangu ni ndogo?
*Kijana wa Ibanda*

Mdogo wangu, imani yako haina kasoro. Mbinu uliyofundishwa ndiyo yenye kasoro, na hilo limepimwa. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, waliwapa watu sentensi ya kujisifu wairudierudie. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo, lakini waliojidharau walijisikia vibaya zaidi, yaani dawa iliwadhuru wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Inaeleweka: ukijiambia "mimi ni mshindi" ukiwa umeshindwa kulipa kodi ya chumba, moyo wako unakujibu papo hapo kwa kukuletea ushahidi wa kinyume.

Na kuhusu suti. Mwanasaikolojia Mjerumani Gabriele Oettingen, pamoja na Thomas Wadden, waliwafuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Waliotarajia kwamba wangefaulu walipungua zaidi. Lakini wale ambao ndoto zao za mchana zilikuwa tamu kuliko zote, waliojiona tayari wamekuwa wembamba na wanasifiwa, walipungua kidogo kuliko wenzao. Kutarajia ni tofauti na kujiburudisha kwa picha. Anayejiona amekwisha fika hulegea kama mtu aliyefika, ilhali bado yuko kwenye kiwanja cha Place Mulamba anatafuta usafiri.

Marehemu C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, aliyetumia miaka mingi kuchunguza tumaini, alilieleza kwa namna ninayoipenda kwa sababu inamwachia mtu kazi ya kufanya. Kwake tumaini lina shabaha unayoijua, njia unazoziona za kuifikia, na nguvu ya kuamini kwamba unaweza kuzipita njia hizo. Wewe una shabaha, na nguvu unaipoteza mbele ya kioo, lakini katika barua yako sikuona njia hata moja. Wenye tumaini kubwa, kwa mujibu wa Snyder, hujulikana hasa kwa kuwa na njia zaidi ya moja: ya kwanza ikizibwa, huwa wamekwisha fikiria ya pili.

Basi asubuhi ya kesho kiache kioo uchukue karatasi. Uandike unachokitaka kabla ya mwisho wa mwaka, kisha kizuizi kikubwa cha kweli, kisha utakachofanya kizuizi kitakapojitokeza. Kizuizi chako nakikisia: ofisi nyingi za mji zimepunguza watu, na zile zinazoajiri zinataka mwenye uzoefu. Lakini katika mitaa yote ya mji huu kuna vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, vile tunavyoviita AVEC, na katika vingi daftari la hesabu linasumbua, makosa yanazaa ugomvi, na ugomvi unavunja kikundi. Wewe umesomea uchumi. Kikundi kimoja ukikiwekea hesabu safi kwa miezi michache, kwa malipo madogo au kwa chakula cha mchana, utakuwa na uzoefu unaoshikika na mwenyekiti wa kikundi wa kukutolea ushuhuda. Siahidi kwamba itakupa ofisi. Ni njia moja. Ongeza mbili, utuandikie tena.

Mama, salamu alekum. Tumemzika mtoto wetu miezi miwili iliyopita. Mke wangu hali vizuri, halali, haongei. Majirani, Wakristo na Waislamu wenzetu, wanamwambia ahesabu watoto waliobaki na amshukuru Mungu. Nami nimewaunga mkono, lakini naona anazidi kujifungia. Nifanyeje?
*Papa wa Bagira*

Papa, waleikum salam, na pole sana kwa wote wawili. Waombe majirani waache kumhesabia watoto. Watoto waliobaki si malipo ya aliyeondoka, na mama anayeambiwa hivyo husikia kwamba amekatazwa kulia. Qur'ani, katika sura ya 94, inasema mara mbili kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Haisemi kwamba uzito haupo. Kaa naye. Litaje jina la mtoto nyumbani, usilifiche. Mpikie uji umpelekee, hata akiuacha nusu.

Lakini miezi miwili bila usingizi wala chakula ni muda wa kumwona daktari, na ukimsikia akisema kwamba anatamani kufa usingoje hata siku moja wala usimwache peke yake. Anza na kituo cha afya cha mtaa wenu. Wakiona inafaa, watawaelekeza SOSAME, kituo cha afya ya akili cha hapa mjini kinachohudumiwa na watawa wa Frères de la Charité. Kwenda huko si wazimu wala si upungufu wa imani. Kabla ya kuondoka nyumbani, andika kwenye karatasi tangu lini halali, anakula nini kwa siku na dawa gani amekwisha pewa, umkabidhi muuguzi mlangoni, ili mkeo asilazimike kusimulia kifo cha mwanawe mbele ya watu walio kwenye foleni.