Gede, kaa wa Mida na mnazi wa jioni: namna ya kuipanga siku moja kaskazini mwa Mombasa

Wengi wanaotoka Mombasa kwenda Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, na kurudi siku hiyo hiyo hukosea mpangilio. Wanasimama Mtwapa, wanasimama Kilifi, wananunua dumu la mnazi, yaani tembo la mgema, kando ya barabara saa nne asubuhi, na wakifika kwenye magofu ni saa nane mchana. Joto limewachosha, tumbo linaunguruma, na mnazi waliouweka kwenye buti umeshakuwa mkali hauna ladha. Safari hii ipange kinyumenyume. Anza na saa mgema anaposhuka mtini jioni, halafu rudi nyuma: magofu ya mbali asubuhi, chakula kizito mchana, magofu ya karibu alasiri, kinywaji mwisho kabisa.

Ukiwa na gari, ondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi. Gede iko kilomita 100 na ushei kwa barabara ya Malindi, na kinachokula muda si umbali bali Mtwapa. Ukichelewa kuipita, msongamano utakumeza. Wa matatu apande inayokwenda Malindi, ashuke kituo cha Gede, halafu achukue tuktuk au bodaboda hadi langoni. Ni karibu, hata miguu inatosha.

Fungua kinywa Kilifi mjini: mahamri na mbaazi za nazi. Usichelewe, kwa sababu mahamri ya moto huisha mapema, na ya baridi huwa magumu katikati. Mbaazi nzuri utazijua kwa mchuzi uliokolea na kushika punje, bila mafuta yaliyojitenga juu. Mafuta yakielea, ujue tui zito lilitiwa mapema likachemshwa kwa moto mkali mpaka likakatika. Kula ushibe kiasi. Mchana kuna kazi.

Gede ni mahali pa saa mbili, si dakika arobaini. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na bando. Foleni ndefu langoni aghalabu ni ya watu wanaohangaika na mtandao. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana mizizi imeinua ardhi kila mahali na majani makavu huteleza. Jipake dawa ya mbu hata mchana. Na chakula kisionekane: kima wa pale wameshazoea watu, na mfuko wa plastiki kwao ni mwaliko.

Uzuri wa Gede kwa msafiri wa siku moja ni kivuli. Magofu yako ndani ya msitu, kwa hiyo saa tatu hadi saa tano unatembea bila kuungua.

Wengi huingia moja kwa moja kwenye magofu na kuacha jumba dogo la makumbusho hadi mwisho, wakiwa wamechoka. Fanya kinyume. Nyumba nyingi za Gede zilipewa majina kutokana na vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Ukitangulia kuona vitu vyenyewe, ukifika nyumbani kwavyo kuta zinakuwa na wenyewe. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na vilivyopatikana vinaonyesha biashara iliyofika mbali: vyombo vya Kichina, shanga za Venice. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Tafuta kwanza kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, na ndilo msumari wa kuning'inizia miaka mingine yote unayoelezwa. Kisha nenda Msikiti Mkuu, uhesabu safu za nguzo zilizobeba dari, utazame mihrabu. Mawe ya kuta na mawe ya mapambo hayakuwa ya namna moja. Kuta zilijengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yakashikwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwa matumbawe hayo hayo. Mihrabu na vizingiti vilichongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka hushupaa na hayakubali tena patasi.

Halafu ingia kwenye nyumba, upime upana wa vyumba kwa hatua zako. Ni vyembamba na virefu, karibu vyote kwa kipimo kimoja. Urefu unabadilika, upana haubadiliki, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wake: kama mita mbili na nusu hadi tatu, zaidi ya hapo hupinda chini ya uzito wa dari ya mawe. Tajiri wa Gede alikuwa na uwezo wa kuongeza vyumba, hakuwa na uwezo wa kurefusha mkoko. Mchana utaiona mikoko yenyewe.

Kuhusu kwa nini watu waliuhama mji huu mwanzoni mwa karne ya 17, waongozaji watakupa majibu tofauti: kukauka kwa visima, uvamizi wa Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, waliopita pwani hii mwaka 1589, mashambulizi ya Waoromo. Usidai jibu moja. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Wareno waliokuwa Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, hawakuacha maandishi yanayoutaja mji huu kwa jina hilo.

Kabla hujaingia kwenye magofu, agiza chakula cha mchana kwa simu. Hili wengi hulidharau. Samaki wa kupaka anayepikwa kwa uaminifu huchukua karibu saa nzima: samaki achomwe mkaani hadi nusu, mchuzi wa tui zito, kitunguu saumu, pilipili na ukwaju upikwe kando mpaka uwe mzito wa kupakika, halafu samaki arudishwe mkaani akipakwa mara kadhaa kila upande. Ukiletewa kwa dakika kumi na tano, huyo amekaangwa zamani na kumwagiwa mchuzi. Omba changu au kolekole. Nguru ni samaki mzuri wa mchuzi, lakini vipande vyake hukauka upesi mkaani.

Mahali pa kula panapofaa zaidi kwa njia hii ni Dabaso, kwenye hori ya Mida, kusini kidogo ya Gede. Kuna kikundi cha wenyeji kinachofuga kaa wa matope, na kuna njia ya mbao inayopita juu katikati ya mikoko hadi ukingoni mwa maji. Sambusa za kaa ndizo za kuagiza. Nyama ya kaa wa mikokoni ni tamu kwa asili, kwa hiyo sambusa nzuri haina viungo vingi: kitunguu, pilipili mbichi, dania, basi. Ukikuta bizari imetawala, kaa ndani ni kidogo. Ng'ata ya kwanza polepole, maana kipande cha gamba kinaweza kubaki hata kwa mpishi mwangalifu.

Hapa sasa maji ndiyo yanaamua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, katika pwani hii maji hukauka kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa tena saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo saa sita mchana hori huwa tope na ndege tu, na mtumbwi hautembei. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: asubuhi maji yapo, na mchana unaweza kupata mtumbwi kabla hayajashuka. Kwa maoni yetu bamvua ndiyo siku bora licha ya kukosa mtumbwi, kwa sababu pweza huwindwa kwa miguu mwambani wakati maji yamekauka sana. Pweza wa alasiri ya bamvua alikuwa pangoni asubuhi hiyo. Wa maji mafu mara nyingi ametoka kwenye friza. Friza yenyewe haimharibu, hulainisha hata nyama yake, lakini usilipe bei ya pweza mbichi.

Miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, na samaki wakubwa hupungua mezani. Hapo kaa na samaki wa ndani kama tafi ndio wa kutegemea. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya miji ya Waswahili hufungwa mchana. Usilazimishe safari hii mwezi huo.

Ukirudi Kilifi alasiri, pita Mnarani, upande wa kusini wa daraja. Ni magofu madogo: misikiti, makaburi ya nguzo, mbuyu mkubwa, na hori ya Kilifi chini yako. Saa moja inatosha. Kuna wanaotaka kuongeza magofu mengine, Jumba la Mtwana, njiani, tunawakataza. Jumba ni zuri mno kwa mtu aliyechoka, tena liko karibu na Mombasa, linafaa kupewa nusu siku yake. Makumbusho hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kukimbizana na mlinzi wa lango hakuna raha.

Sasa mnazi. Mvinyo wa zabibu ukiutaka, beba chupa yako kwenye kisanduku cha barafu, zabibu hazilimwi hapa. Mvinyo wa pwani hii unatoka juu ya mti.

Mgema hupanda mara mbili au tatu kwa siku. Juu kule kole (shada la maua ya mnazi) ambalo halijapasuka limefungwa kamba lisifunguke, na kila apandapo hulikata kidogo ncha kwa kotama, kisu cha mgema, kipande chembamba tu, ili kidonda kiendelee kutiririka. Akikata kipande kinene, kole huisha kabla ya wakati; asipokata, kidonda huziba. Maji yanayodondoka ni matamu na hayana kilevi. Lakini kitoma, kibuyu kinachoyapokea, kimebakiza chachu ya jana, na joto lipo, kwa hiyo yanaanza kuchacha kabla hayajashuka. Baada ya saa chache utamu umepungua na kilevi kimeingia, kiasi cha bia au zaidi kidogo. Kesho yake uchungu umetawala, na siku zikisonga ni siki.

Ndiyo maana tunasisitiza saa. Mnazi ulioshuka asubuhi na kukaa juani hadi saa kumi hauwezi kuwa mtamu. Ukiuonja jioni ukakuta utamu, basi ama umeshuka sasa hivi, ama umetiwa sukari. Kutofautisha ni rahisi: wa mtini una povu linaloendelea kupanda polepole kutoka chini na rangi ya maji ya mchele, wa sukari na maji ni mwepesi, povu lake hufa upesi, na utamu wake unabaki mwanzo wa ulimi bila ukali wowote nyuma yake. Methali ya mgema na maji si fumbo tupu, biashara ile ipo. Kimiminika cheupe kama maji chenye harufu kali usiguse: huo si mnazi, hata ukiambiwa umetokana nao.

Nenda mangwe, vilabu vya mnazi vinavyojulikana na wenyeji wa Kilifi, ukiwa na mtu wa hapo. Mwombe akupeleke kwa muuzaji mwenye mgema wake mwenyewe. Uliza bei kabla ya kumiminiwa. Utapewa mrija wenye chujio la nyuzi chini. Usilitoe ili upate fundo kubwa, kwa sababu ndilo linalozuia nyuki, sisimizi na takataka za karara. Kwa mgeni nusu lita inatosha. Anayekunywa bila kula hujuta usiku. Kula nao vitu vya chumvi na pilipili: tafi wa kukaanga, mishikaki, mhogo wa kuchoma uliotiwa ndimu. Vyakula vya nazi viache mchana. Wali wa nazi na mnazi mtamu pamoja vinakinaisha.

Kumbuka pia kwamba kwa Wamijikenda mnazi si ulevi peke yake. Huhitajika kwenye posa, matambiko na vikao vya wazee, na baadhi ya misitu yao mitakatifu ya makaya imo katika Urithi wa Dunia tangu 2008. Mzee akimwaga kidogo chini kabla ya kunywa, nyamaza mpaka amalize. Na usibebe kibuyu chako kupita nacho mbele ya msikiti, iwe Kilifi au Mtwapa.

Dereva asionje hata tone. Ikiwa nyote mmekunywa, pandeni matatu, na muwahi kituoni kabla giza halijakolea, kwa sababu baadaye hupita zikiwa zimejaa kutoka Malindi. Ukibeba mnazi wa nyumbani, dumu lijae robo tatu tu na kifuniko kikazwe nusu, lisimame wima sakafuni mwa gari. Dumu lililokazwa kabisa huvimba kabla ya kufika Mtwapa, na likipasuka viti vitanuka chachu kwa wiki kadhaa. Nyumbani utie kwenye friji usiku huo huo. Wa kesho yake hautakuwa wa kunywa kwa raha, lakini ukali wake unafaa kuumulia unga wa vitumbua badala ya hamira.