Kabla hujadaunlodi data za majanga yanayopandana, soma hii

Watu wakinifuata inboksi kuuliza data za majanga ya dunia nzima zinapatikana wapi huwa nawaambia kupata sio ishu, ishu ni kuziunganisha. Matetemeko yapo USGS (shirika la jiolojia la Marekani), vimbunga IBTrACS (kumbukumbu ya njia za vimbunga vya dunia nzima), vifo na waathirika nenda EM-DAT, kanzidata ya majanga ya kule Ubelgiji, unajisajili tu na ni bure kama hufanyi biashara, basi mafaili yote unayo. Sasa jiulize, kupandana, yaani janga moja kulikuta jingine palepale, ndo kupi?

Maana angalia Pinatubo kule Ufilipino, 15 Juni 1991, volkano inalipuka na kimbunga Yunya kinapita siku hiyohiyo, majivu yakalowa mvua yakawa mazito mpaka mapaa ya nyumba yakaangukia watu. Hiyo haina ubishi. Haiti je, tetemeko la 7.2 tarehe 14 Agosti 2021, halafu siku mbili mbele dhoruba Grace inawanyeshea watu wanaolala nje? Mi naihesabu. Na Pembe ya Afrika, misimu mitano mfululizo ya mvua mbovu kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 kwenye ardhi ileile? Ukiweka kikomo cha siku saba, tuseme, kati ya janga na janga, hii huioni kabisa. Kwa hiyo kila janga lipe muda wake, ukame upimwe kwa miezi, na huo muda uuandike kabla hujagusa koodi, la sivyo utajikuta unachagua ule unaokupa jibu tamu (na wapo wanaofanya hivyo, tunawajua).

Kingine ni kimbunga Idai cha Machi 2019. EM-DAT inarekodi kwa nchi, so kimbunga kimoja kinakaa mistari mitatu, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe. Ukihesabu mistari umeshapata majanga matatu hewa hewa tu. Angalia namba ya tukio, inafanana, zinazobadilika ni zile herufi tatu za nchi mwishoni. Halafu kuna kolamu ya majanga yaliyoambatana, wengi wanairuka wakati ndo yenyewe unayoitafuta.

Saa nazo ziangalie, USGS wanatumia UTC (saa ya kimataifa, ipo nyuma yetu saa tatu), tetemeko la saa saba usiku Dodoma kwao bado ni jana yake. Kasi ya upepo ya IBTrACS usiichanganye ovyo, Wamarekani wanachukua wastani wa dakika 1, wengine wengi dakika 10. Na kisanduku kitupu kwenye vifo sio sifuri jamani!

Grafu ya tangu 1900 ikipanda kama ngazi usikimbilie kupiga kelele, zamani matukio kibao hayakuripotiwa, hata EM-DAT wenyewe wanatahadharisha kuhusu data za kabla ya 2000. Mi nikitaka kulinganisha miaka naanzia hapo 2000, za nyuma nazitumia kusomea tukio mojamoja tu.