Zana Ndogo za Nyumbani: Fundi Awajibu Wasomaji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga vyumba viwili hapa Uyole, Mbeya. Nimechoka kumwita fundi kila bawaba ya mlango inapolegea au nati ya bomba inapovuja. Katika duka moja la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa nilionyeshwa sanduku la plastiki lenye vipande zaidi ya mia moja, na kwa bei hiyohiyo ningeweza kuchagua mwenyewe vifaa vinne au vitano. Nafasi ya kuvitunza ni ndogo. Ninunue kipi, na nitajuaje kwamba kifaa kidogo si dhaifu? (Mwalimu, Uyole)

JIBU: Mwalimu, chagua hivyo vitano. Sehemu kubwa ya sanduku la namna hiyo ni ncha za bisibisi na soketi ambazo nyumbani kwako hazitaguswa, na fedha ambayo ingepaswa kuingia kwenye chuma cha plaizi na spana imetawanywa kwenye vipande visivyo na kazi. Kifaa kifupi kinahitaji chuma bora kuliko kirefu, kwa kuwa unene wake ni mdogo ilhali mkono unaokibana ni uleule. Kwa hiyo ufupi uutafute kwenye umbo, na kwenye chuma usikubali punguzo lolote.

Kwa kuwa umetaja nati ya bomba, nianze na spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wengi huiita spana malaya. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Spana ya kawaida yenye urefu wa inchi 6 hufunguka mdomo takribani milimita 20 tu, na nati za bomba la nusu inchi mara nyingi huzidi kipimo hicho, hivyo utafika nyumbani na kifaa kizuri kisichoingia mahali ulipokikusudia. Zipo spana za mpini mfupi zilizotengenezwa kwa makusudi ziwe na mdomo mpana, zinazofunguka milimita 30 au zaidi, na hizo ndizo zinazofaa kwa mtu mwenye nafasi finyu. Kumbuka pia kwamba mpini mfupi hupunguza nguvu ya kuzungusha: mkono uleule ukiwa kwenye mpini wa sentimita 25 huzungusha kwa nguvu inayozidi mara moja na nusu ile ya mpini wa sentimita 15. Kwa koki na nati za nyumbani mfupi unatosha. Kwa bolti iliyoshikwa na kutu hautatosha, na ni kosa kuuongezea urefu kwa kipande cha bomba, maana hapo taya huweza kuvunjika na kumjeruhi mtu.

Ukiwa dukani, fungua taya za spana hiyo kufikia nusu, kisha shika taya inayotembea na uitikise. Kucheza kidogo hakukwepeki, lakini ikiinama upande iache, kwa sababu itakula kona za nati na baada ya hapo hata spana bora haitaishika. Plaizi nayo, ya inchi 6 au 7, ifunge na uielekeze kwenye mwanga: makali ya kukatia waya yakutane bila kuachia mwanga, na ukiifungua na kuifunga mkono usihisi mikwaruzo wala taya zisiyumbe kando. Mwombe muuzaji karatasi nyembamba uikate. Karatasi ikikunjwa katikati ya makali badala ya kukatika, waya utafanya hivyohivyo.

Kuhusu bisibisi, nenda dukani na skrubu uliyoing'oa kwenye bawaba yako. Skrubu za milango zenye alama ya nyota mara nyingi huhitaji ncha namba 2, na ncha sahihi hujaa kwenye kichwa cha skrubu bila kutikisika. Ncha ndogo ya namba 1 huingia pia, na hiyo ndiyo inayoharibu vichwa vya skrubu, kwa sababu mtu huona imeingia akadhani imefaa. Utaona maandishi ya Cr-V kwenye shina, yakimaanisha chuma kilichochanganywa na kromi na vanadi, ambao ni mchanganyiko mzuri kweli. Hata hivyo, maandishi hayo hugongwa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo usiyachukue kama ushahidi hadi vipimo vya mkono na jicho vikubaliane nayo.

Nyundo ya gramu 300 itatosha kwa mbao laini, na huku kwetu mbao nyingi ni paini kutoka mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, ambayo hupokea msumari kwa urahisi. Kama utapigilia kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, chukua ya gramu 450 au 500. Tazama mpini wa mti: nyuzi zake ziende kwa urefu kutoka kichwani hadi mwisho, kwa kuwa zikikatiza mpini utavunjika hapo. Kifaa cha tano kiwe tepu ya kupimia ya mita 3, ambayo haina siri kubwa.

Jambo moja lisilohusu nafasi wala bei. Mpini mwekundu wa plastiki haukukingi na umeme wa volti 230 tulionao majumbani. Zana za mkono zenye kinga ya kweli dhidi ya umeme huandikwa 1000 V pamoja na alama ya pembetatu mbili, kulingana na kiwango cha kimataifa IEC 60900. Hata ukiwa nazo, kazi ya nyaya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

SWALI: Zana zangu zinapata kutu kila masika, hata zile nilizoambiwa ni imara. Je, niliuziwa vibaya? (Mstaafu, Tukuyu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huenda hukuuziwa vibaya. Chuma kigumu cha zana kwa kawaida si chuma cha pua, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo unyevu utakipata tu. Kinachokinga zana nyingi ni utando wa kromi juu yake, na ukichubuka mahali padogo kutu huanza hapo na kuendelea chini yake.

Swali ambalo ningependa ujiulize ni zana hizo zinakaa wapi. Katika nyumba nyingi za wakulima wa nyanda zetu za juu kusini, stoo ya zana ndiyo stoo ya mbolea, na mbolea za chumvichumvi huvuta unyevu na kula chuma kwa kasi kubwa. Zitenganishe kwanza, kabla ya kununua chochote kipya. Zitoe sakafuni kwenye saruji, na kila baada ya kazi zifute kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kingine kilicholoweshwa kidogo mafuta ya injini, pamoja na tone moja kwenye kiungo cha plaizi. Zile zilizokwisha kushika kutu zilaze kwenye siki usiku kucha, zisugue, zioshe kwa maji, zikaushe mara moja na uzipake mafuta siku hiyohiyo, la sivyo kutu itarudi kabla ya jioni ya pili.

SWALI: Je, plaizi ya kukunja yenye zana nyingi ndani yake inaweza kuchukua nafasi ya sanduku zima? (Dereva, Mafinga)

JIBU: Ndugu yangu, kwa safari ndiyo, kwa nyumba hapana. Kifaa cha namna hiyo kilipata umaarufu baada ya Tim Leatherman wa Portland, Marekani, kuanza kuuza cha kwake mwaka 1983, na lengo lake lilikuwa mtu aliye mbali na sanduku la zana. Bisibisi yake haiko katikati ya mpini, hivyo huteleza unapobana skrubu kwa nguvu, na haina mdomo wa kushika nati kubwa. Ukikinunua, chagua ambacho kila zana ikifunguliwa hujifunga kwa kitasa chake, kwani kisu kisichojifunga hurudi juu ya vidole.